Za Kufura

Sufuria yangu ya maharage aliiharibu yeye. Nianze hapo, maana hata leo nikiiona imening'inia ukutani namkumbuka kwanza kwa hasira, mengine yanafuata. Nilikuwa mama ntilie wa mafundi waliokuwa wakizunguka kukarabati majengo ya zege, mara Biharamulo, mara kuvuka kwenda Ngara, na mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa fundi zege katika kikosi hichohicho. Siku moja narudi kutoka kisimani, nakuta maharage yangu yamemiminwa kwenye beseni, na ndani ya sufuria, juu ya moto wangu, kunatokota kipande cha ubao.

"Mama Kurwa, usikasirike," akasema, hata hajageuka. "Kinaiva sasa hivi."

"Kinaiva! Nani anakula ubao hapa?"

"Zege. Zege ndiro rinakura ubao."

Sisi tulimwita Fundi Boksi. Kwa asiyejua ujenzi nieleze: zege likimwagwa linakuwa uji, na uji haujishiki. Lazima kwanza kuwe na boksi la mbao na plaiwudi lenye umbo la kile unachotaka, nguzo au bimu inayolazwa juu ya nguzo, nalo liegemezwe kwa mirunda, yaani miti ya kusimamisha kutoka chini. Boksi ndilo linalobeba uzito wote mpaka zege likauke na kujibeba lenyewe. Uji ule ni mzito kuliko mnavyodhani. Boksi likiachia na mtu yuko chini, hana nafasi hata ya kuita mama.

Na plaiwudi si ubao mmoja. Ni karatasi za mti zilizobandikwa kwa gundi, moja juu ya nyingine. Ziko za kutengenezea makabati, nzuri kwa macho tu, zikinywa maji zinaachana kama maganda ya kitunguu. Ziko nyingine nyeusi usoni, mafundi huziita marini, hizo gundi yake haiogopi maji. Lakini siku hizi hata nyeusi zipo za kupaka rangi tu. Kwa hiyo yeye kila akipata plaiwudi mpya alikuwa anakata kipande cha pembeni na kukichemsha mpaka kuni zangu ziishe. Kikitoka kimeshikana, anakitazama, anakinusa, anasema "haya". Kikiachana, ubao wote unarudi dukani, hata kama duka liko mbali. Watu waliopita njia walidhani tuna mganga pale saiti. Na maharage yangu yakanuka gundi muda mrefu tu, mafundi wakila wanakunja uso, mimi ndiye ninayetukanwa.

Sijui alizaliwa wapi. Wengine walisema Burundi, wengine wakasema ni Mhangaza wa Ngara hapahapa. Mimi sikuuliza. Huku kwetu kumchimba mtu asili yake ni kazi ya maafisa uhamiaji, si ya mama anayeuza chai. Nilichojua ni kwamba anakaa upande wa Rulenge, anasali misa ya kwanza, na kwamba sijawahi kuona mwanaume mwoga kama yule.

Woga wake ulikuwa wa kila kitu. Mbwa akibweka ng'ambo ya barabara, yeye anasimama. Radi ikipiga anaingia chini ya meza yangu ya vyombo, mzee mzima na mvi zake, anabaki humo mpaka mvua ihame. Pikipiki hakupanda. Alijaribu mara moja, walipofika kwenye mteremko akamshika dereva shingo, nusura wote waingie mtaroni. Ngazi nayo alipanda mpaka hatua ya tatu, akifika hapo anashusha pumzi na kumtuma mwingine.

"Fundi, ngazi imekung'ata?" vijana wakamtania.

"Naogopa," anajibu, bila aibu hata kidogo. "Asiyeogopa asinijengee."

Hilo neno alilisema mara nyingi mpaka likawa la kwetu sote. Mtu akikataa kuvuka mto uliojaa, tunasema asiyeogopa asinijengee. Baba Kulwa alikuwa anamcheka sana. Yeye ni Msukuma wa Shinyanga kama mimi, tulihamia Nyabusozi kutafuta shamba na malisho, na kwao mwanaume anayetangaza woga wake huwa hasikilizwi. Akirudi nyumbani ananiigizia Fundi anavyokwepa mbwa, na wanetu mapacha, Kulwa na Doto, wanacheka mpaka wanaanguka.

Lakini sasa, sikilizeni. Kila siku ya kumwaga zege, mwoga huyo aliingia chini ya boksi. Wenzake wote wako juu au pembeni, yeye anakwenda kuinama katikati ya mirunda, chini kabisa ya ule uji, anaegemeza sikio. Anasikiliza mbao. Alisema ubao haukatiki bila kusema kwanza, ila unasema kidogo, na watu wanapiga kelele. Kwa hiyo siku hiyo aliwakataza watu kuimba.

Mnajua siku ya zege ilivyo. Ni siku ya nyimbo. Watu wamepanga mstari, karai zinapita mkono kwa mkono, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, bila hivyo mikono inachoka haraka. Kwa Fundi Boksi hakuna. Karai zinapita kimya. Unasikia koleo linakwaruza, unasikia mtu anavuta pumzi, basi. Mimi hapo jikoni nakatazwa hata kugonga mwiko. Kimya kile kilinila moyo kuliko kelele yoyote, maana ukiambiwa unyamaze ili kitu kisikike, unaanza kukingoja hicho kitu. Na Baba Kulwa naye kazi yake katika ukarabati ilimpeleka chini, kugongagonga boksi kwa nyundo ya mti ili zege lijae kila kona. Kila siku ya zege niliunguza ugali. Niliomba Mungu wa wamisionari na mizimu ya bibi yangu, sikuchagua.

Jambo jingine ni mdomo wake. Huku Kiswahili ni cha shule, cha soko na cha ofisini, kila mtu anakuja nacho na mzigo wa lugha ya mama yake. Yeye hakuwa na la. Kila la ilikuwa ra. Kulwa akawa Kurwa, chakula kikawa chakura, mbali ikawa mbari. Sisi Wasukuma nasi tuna yetu, hatusemi kufua, tunasema kufula. Mwanzoni tulimcheka, naye akatucheka, baadaye tukazoea. Akisema "rete" tunaleta. Tulikuwa tunamgeuza kichwani bila kujua kama tunageuza, kama unavyogeuza shati lililovuliwa ndani nje.

Sasa kuna neno kufura. Watu wa shule wanalijua, ni kuvimba. Sisi kwetu tunasema kuvimba tu, kufura hatulitumii. Yeye alilipenda, kwa sababu kwa plaiwudi ndilo neno lenyewe: ubao ukinyeshewa, ukingo wake unafura, unanenepa, na ukishafura hata ukikauka hauna nguvu tena ndani. Nitalirudia hili.

Niliwahi kufuatana naye mjini Biharamulo, yeye anakwenda kununua plaiwudi, mimi nanunua maharage na mafuta. Nikamaliza yangu nikapita dukani kumchukua, nikamkuta ametoa karatasi tano nje, zimeegemezwa ukutani, mwenye duka ameshika kiuno. Aligonga moja kwa kifundo cha kidole, kuanzia pembe mpaka pembe, akisikiliza. Mahali fulani ikasikika kama unagonga boga. Akaiondoa. Nyingine akachungulia ubavuni, akaona tundu katika tabaka la katikati ambapo mti haukufika. Akaiondoa hiyo nayo. Halafu akaweka moja juu ya matofali mawili, akasimama katikati. Ikapinda. Akaigeuza mkao, akasimama tena. Haikupinda.

"Umeona, Mama Kurwa? Nyuzi zake zinatembea huku. Ukizikatisha juu ya mirunda, inabeba. Ukiziraza sambamba na mirunda, inakuua."

Mwenye duka akachoka. "Mzee, unanunua ubao au unachumbia?"

"Kuoa ukikosea, wazee wanakaa, wanasuruhisha," akasema Fundi. "Ubao ukikosea, nani anasuruhisha?"

Hata mwenye duka alicheka. Lakini mimi niliangalia mkono wake uliokuwa juu ya ubao, ulikuwa unatetemeka, na alikuwa dukani, mchana, hakuna zege wala mirunda. Nikajua kwamba woga wake haukuwa mchezo wa kutuchekesha. Alikuwa anaubeba kila mahali.

Alikuwa na mambo yasiyolingana, kama watu wote. Mcha Mungu, lakini padri alipokuja kubariki kazi katika jengo moja la parokia, Fundi alimzuia mlangoni: "Baba, shikamoo. Utabariki zege rikishakauka. Sasa hivi usikanyage." Mpole kwa kila mtu, lakini ukiburuza plaiwudi chini badala ya kuibeba, anakutukana matusi ya kwao ambayo hatukuyaelewa, tulielewa sauti tu. Mkarimu wa chakula, mchoyo wa misumari. Alikula akiwa amesimama, mgongo ukutani.

Kuna zahanati moja ilikuwa na varanda ndefu ambako akina mama wajawazito hukaa wakingoja kupimwa. Bimu ya mbele ilikuwa imechoka, zege linabanduka vipande, nondo zinaonekana na kutu yake. Kipande kilimwangukia mama mmoja begani. Ndipo tukaitwa. Zege bovu likachokolewa, nondo zikasuguliwa na kuongezwa nyingine, ikabaki kufunga boksi na kumwaga. Ubaya wa kazi ile ni kwamba bimu ilikuwa karibu na ukuta, na aliyekuwa chini kugonga alibanwa kati ya ukuta na mirunda, mlango wake wa kutokea ni mmoja, na unapita chini ya boksi lenyewe.

Kazi ya usafi saiti alikuwa nayo wifi yangu, Kabula, mdogo wake Baba Kulwa. Kila boksi likifunguliwa yeye alizisugua plaiwudi kwa brashi, maji na sabuni, anazianika, kisha anazipaka oili chafu ili zege lisishike. Alizisugua kama nguo, na sisi tukaita hivyohivyo, kufula mbao. "Kabula umemaliza kufula?" Ilikuwa lugha ya kila siku.

Baadhi ya plaiwudi zilinyeshewa tukiwa safarini. Fundi Boksi akazichambua moja moja, akigonga, akizitenga pembeni. Halafu akamwita Kabula. Mimi nilikuwa hapohapo nachambua dagaa, nilisikia kwa masikio yangu.

"Zire pare ni za kufura. Ziweke mbari."

"Sawa, Fundi," akasema Kabula.

Na mimi nikasikia alichosikia yeye. Za kufula. Nani angesikia vingine? Miaka yote ile tunageuza ra zake kuwa la, na siku hiyo moja alisema ra akiwa na maana ya ra.

Kabula alizifula kweli. Alizibeba mbali, kwenye bomba, kama alivyoambiwa. Akasugua, akazianika juani, kingo zilizonenepa akazikwangua kwa panga mpaka zikalingana na nyingine, akapaka oili. Zikang'aa. Mtu mzembe asingefanya hivyo, na mimi nilimsifia.

Kesho yake Fundi alikwenda Biharamulo kutafuta kabari na misumari mirefu. Akaacha boksi karibu limekamilika, imebaki sehemu ya chini upande wa ukutani. Wengine wangerudi kwa pikipiki mapema. Yeye alingoja gari. Mawingu yakaanza kujikusanya, mchanga na kokoto viko wazi, msimamizi akasema tusipomwaga sasa mvua itatuharibia. Baba Kulwa akachukua plaiwudi zilizokuwa safi, zinang'aa, akafunga sehemu iliyobaki. Wakaanza kumwaga. Hata kimya walikishika, kwa mazoea.

Nilimwona Fundi akishuka kwenye gari na mfuko wa misumari. Alipoona karai zinapita akatembea haraka, hakusalimia, akainama mahali pake pembeni ya mirunda. Baba Kulwa yuko kule ndani, ukutani, anagonga. Fundi akainua mkono, akaweka kiganja chini ya ubao, kama mama anavyompima mtoto homa.

"Hii nani ameweka?"

"Mimi, Fundi," akajibu Baba Kulwa kutoka ndani. "Ni zile za kufula."

"Za kufura?"

"Ndiyo. Kabula alizifula zote. Na mafuta tumepaka."

Nilimwona uso. Rangi ilimtoka, midomo ikawa kama ya mtu aliyekula majivu. Na katika kimya kile ubao ukasema. Si kwa sauti kubwa. Ni kama mtu anavunja kijiti cha muhogo mkavu nyumba ya pili.

"Juu huko, acheni! Shukeni!" akapiga yowe. "Wewe ndani, usitembee. Ukigusa mrunda inakuja."

Watu wakashuka wanakanyagana. Mwiko ulinidondoka. Nilikimbilia pale nikashikwa na Kabula kiunoni, nikawa naona miguu tu, miguu ya mume wangu, buti moja limefungwa kwa waya, imesimama palepale. Na juu yake nikaona ubao umeshuka tumbo. Ulikuwa umenyooka, sasa una tumbo, na tumbo linakua. Nilijikojolea, nasema kweli, mtu mzima na kanga zangu.

Kilichotokea hapo sikukitegemea. Niliwaza vijana wenye misuli wataingia, na vijana wote walikuwa wamerudi nyuma mpaka kwenye mti wa kivuli. Aliyeingia ni yule anayekimbia mbwa. Alichukua mrunda mmoja uliobaki na kabari mbili, akaenda kwa magoti. Na alikuwa anatetemeka, jamani! Hakuwa jasiri hata tone. Mrunda ulikuwa unagonga sakafu, ko-ko-ko-ko, kwa jinsi mikono ilivyomtikisika, na meno nayo, na alikuwa anasema maneno ya kwao, sijui ni sala au ni kilio. Akausimamisha chini ya lile tumbo. Kabari ikamponyoka. Akaitafuta kwa vidole kwenye uji wa sementi uliokuwa unadondoka, akaipata, akaigonga taratibu, kidogo, kidogo, huku amegeuza uso pembeni kama mtoto anayedungwa sindano.

"Sasa pita," akasema. "Rara chini, pita."

Baba Kulwa akalala kifudifudi akapita pembeni yake akitambaa. Mimi ndiye niliyemvuta ukosi mpaka shati likachanika. Nikamshika, nikampiga makofi, nikamshika tena.

Fundi alikuwa bado ndani. Angeweza kutoka. Alinyoosha mkono, akagonga vishikizo vya ubao wa nje, ule wa upande wa uwanjani, ukafunguka, na zege likamwagikia nje badala ya kumwangukia. Ndipo akarudi kinyumenyume, akatoka, akatembea hatua chache, akaketi kwenye rundo la kokoto na kutapika. Nyuma yake ubao wa chini ukakatika, ukaanguka pamoja na kilichobaki, uji wa zege ukatapakaa varanda nzima. Akina mama waliokuwa uwanjani wakapiga mayowe. Mahali aliposimama Baba Kulwa pakawa rundo.

Msimamizi alitaka kujua ni nani aliyetoa mbao mbovu. Kabula alikuwa analia amejifunika kanga usoni, na kila mtu anamtazama yeye. Fundi akafuta mdomo, akamwita. "Mwanangu, njoo. Jana nirisema nini?"

"Ulisema za kufula," Kabula akasema kwa kwikwi.

Niliona anajaribu kusema neno lile polepole, anaweka ulimi huku, anauweka kule, na kila mara linatoka lilelile. Mwishowe akamgeukia msimamizi. "Ndivyo nirivyosema. Muacheni mtoto. Ni mdomo wangu."

Tangu siku ile alikuwa na desturi mbili mpya. Ubao mbaya hakuutaja tena kwa neno. Aliukata pembe kwa msumeno, ukiona plaiwudi haina pembe, hata kama ni nzuri kama meza ya askofu, ujue haigusi zege. Na ya pili ikawa ya kutuchosha: kila akikuagiza kitu, hakuachii uende mpaka umemrudishia.

"Mama Kurwa, chai bira sukari. Nimesema nini?"

"Umesema chai bila sukari, Fundi."

"Haya."

Chai, Fundi! Nani alikufa kwa chai? Vijana wakaanza kumwita Nimesema Nini kichinichini, lakini Baba Kulwa akisikia mtu anamwigiza, anamwambia anyamaze. Igizo la Fundi na mbwa nalo halikurudi nyumbani kwetu. Wanangu waliliomba mara kadhaa, baba yao akawaambia waende wakachunge mbuzi.

Kikosi kilitawanyika baadaye. Sisi tukashika shamba letu Nyabusozi, Baba Kulwa akawa anaenda zege mara mojamoja, na siku hizo mpaka leo ugali wangu unaungua. Fundi Boksi alirudi kwake upande wa Rulenge. Salamu zilikuja, kisha zikapungua, kama inavyokuwa.

Mwaka huu nilikwenda Ngara kumuuguza dada aliyefanyiwa upasuaji, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Nilikuwa napita nje ya wodi ya wanaume, nimebeba ndoo tupu natafuta bomba, mchana kweupe, watu wanaanika nguo kwenye nyasi. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia sauti ya mzee, ndogo, imekauka:

"Nimesema nini?"

Nilisimama pale. Na sauti ya binti, ya kiuguzi, yenye haraka lakini si mbaya, ikajibu: "Umesema umefula, babu. Sawa, zitakauka, jua lipo. Pumzika."

"Oya," ile sauti ikasema. Oya kwao ni hapana. Ikasema tena, "Oya, oya," lakini viatu vya yule binti vilikuwa vinaondoka.

Niliingia bila kuuliza saa za kuona wagonjwa. Alikuwa kitanda cha pembeni, mgongo ukutani, amekuwa mdogo, macho yamebaki yaleyale ya kutazama mlango kama mbwa ataingia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mama Kurwa." Hakushangaa. Akasema palepale, kama mtu aliyekuwa ananingoja kwa hilo tu: "Nimefura."

Sikugeuza neno. Nilifunua shuka. Miguu ilikuwa imejaa kutoka kwenye vidole mpaka juu ya magoti, ngozi imevutika inang'aa kama imepakwa oili. Nikabonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Nikagusa tumbo, nalo limejaa. Na alikuwa anavuta pumzi fupifupi, za juu.

Nilitoka kwenye korido nikamwita yule muuguzi mpaka wodi nzima ikanyanyua vichwa. Alikuja amekasirika, binti mzuri, ndiyo kwanza ameingia zamu, mikononi ana dripu ya mtu mwingine.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Shinyanga, mama. Kuna nini?"

"Nilijua. Mimi ni wa hukohuko, kwa hiyo sikulaumu. Mzee huyu hajafula kitu. Amesema ni-me-fu-ra. Ra. Kufura ni kuvimba. Njoo uone miguu."

Alikuja, akaona, na uso wake ukabadilika. Hakubishana. Aliweka dripu chini akaenda kumwita daktari mbio, nikasikia viatu vyake safari hii vinakimbia.

Nikabaki naye. Alinishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka, mpaka pete yangu ikawa inagonga chuma cha kitanda. Niliujua mlio ule.

"Naogopa," akasema.

"Najua, Fundi."

"Usiende mbari."

"Siendi."

Akatikisa kichwa. Haikumtosha. Alikusanya pumzi, akazikosa, akazikusanya tena, na kule koridoni nyayo za watu zilikuwa zinakuja.

"Nimesema nini?"

"Umesema unaogopa," nikamwambia. "Na umesema nisiende mbali."

"Haya," akasema.

Niliigeuza ile ndoo, nikaketi.